Kwa Nini Mtungi wa Jiwe Ulivishwa Kamba

Zamani hizo, kabla jiwe halijajua kuvaa, mitungi yote ya alabasta ilitoka Misri ikiwa uchi. Ilikuwa na mdomo, shingo, mabega na tumbo, basi. Hapakuwa na ua lililochongwa wala mstari, wala kamba hii mnayoiona imezunguka mabegani, kana kwamba mtu alitaka kuuteremsha mtungi kisimani akaghairi. Mmeniuliza kamba ya jiwe inafunga nini. Swali zuri, na wazazi wenu ndio waliopaswa kulijibu. Kwa kuwa hawakulijibu nitalijibu mimi, na asiyetaka kusikiliza aendelee kula tende zake kimya kimya.

Kwanza mjue kwa nini watu wa kale walihangaika na jiwe ilhali udongo umejaa tele kingoni mwa mto. Chungu cha udongo hunywa. Ukikitia mafuta mazuri, nacho kinataka sehemu yake, na kiangazi kikikaza kilichobaki kinachacha. Jiwe halinywi, na hukaa baridi hata jua likiwa utosini. Kwa hiyo mafuta ya mlonge, marhamu, wanja na kila kitu cha kupendezesha mwili na kuheshimu miungu kilitiwa katika jiwe. Tajiri alikuwa na mitungi safu nzima, na maskini naye hakukosa kikopo chake cha wanja kilichomtosha kiganjani.

Vyombo hivyo vilitembea kuliko watu waliovichonga. Vilipanda mto kwenda kusini kwa Wanubi na kurudi kama dhahabu na pembe. Vilivuka bahari ya kaskazini mpaka Gebali, mji ulio chini ya milima ya mierezi, na kurudi kama magogo marefu, maana Misri ilijaliwa kila kitu isipokuwa mti wa kutengenezea merikebu. Ukiona vyaelea vimeundwa, na vilivyoelea Misri viliundwa kwa mierezi ya Gebali iliyobadilishwa na mitungi ya mafuta.

Sasa sikieni walivyoitengeneza, maana mimi nikiliwaza jambo hili hubaki nikitikisa kichwa. Chuma hawakuwa nacho. Fundi alilichonga jiwe kwa nje kwanza, akalisugua mpaka likawa laini kama shavu la mtoto, ndipo akaanza kulichimba ndani. Aliuzika mtungi katika shimo la mchanga hadi shingoni usitikisike. Alishika keekee yake, ambayo ilikuwa mti wenye mpini uliopinda, mawe mawili mazito yamefungwa ubavuni yakandamize kwenda chini, na ncha ya jiwe la gumegume. Alitia mchanga na maji, akazungusha, akazungusha, akazungusha. Mchanga ndio uliolila jiwe. Fundi alikuwa akiushikia sahani tu. Na baada ya taabu yote hiyo, mdomo wa mtungi ni mwembamba hata ngumi haipiti, lakini ndani tumbo limechimbwa likafuata umbo la nje bila kukosea. Nani alimwonyesha njia humo ndani? Nyinyi mna mashine ya umeme, na bado kila juma mnanitobolea vyombo viwili vitatu.

Kwa kuwa jicho halikuweza kuingia, waliituma taa. Fundi aliuingiza mtungi katika chumba chenye giza, akatumbukiza utambi mdogo unaowaka, akatazama jinsi jiwe linavyong'aa. Palipong'aa rangi ya asali, palikuwa bado panene. Palipong'aa rangi ya maziwa, alijua pametosha na keekee iwekwe chini. Kila mtoto wa fundi aliijua kanuni hiyo kabla hajajua kuchunga mbuzi wa baba yake.

Basi katika mji mmoja wa mafundi, ng'ambo ile ya mto linakozama jua, aliishi mzee mmoja jina lake Ipi. Mtungi wa Ipi ukiugonga kwa ukucha uliimba. Ulikuwa mwembamba mno hata mchana wa kawaida ulipenya ndani yake, na watu walikuja kutoka miji ya mbali kuutazama tu, bila kununua. Ipi alijua anavyosifiwa, na wala hakukataa sifa. Ya nini kukataa kilicho chako? Alikuwa na mwana mmoja, Khui, na Khui alikuwa amemwoa Henuti, mwanamke ambaye mikono yake ilisugua mitungi yote ya nyumba ile mpaka ikameta.

Khui hakuchonga sana. Kazi yake ilikuwa vifuniko. Alisafiri na merikebu za biashara, kwa sababu kifuniko cha jiwe kikizibuliwa na mtu asiyejua huondoka na nusu ya mdomo. Mwaka mmoja alikwenda Gebali, na huko mtawala wa mji alikuwa akijitayarisha kwa sikukuu kubwa ya mungu wao wa kike. Alitaka mtungi mmoja wa alabasta mkubwa kuliko yote iliyowahi kuvuka bahari, umejaa mafuta ya mlonge, ili sanamu ipakwe siku ya sikukuu mwaka unaofuata. Wamisri wakaahidi mara moja. Mtu akiwa amesimama kando ya rundo la mierezi, ahadi humtoka yenyewe.

Lakini mtawala wa Gebali alikuwa amekwisha kuahidiwa mengi na wageni. Akasema, "Vizuri. Huyu fundi wenu wa vifuniko atabaki kwangu kama mgeni mpaka mtungi ufike."

Wakamwita mgeni, nao wakampa mkate mzuri na kivuli, ila bandarini hakuruhusiwa kukanyaga. Iwapo sikukuu ingefika bila mtungi, au mtungi ungefika bila mafuta, Khui angekuwa mali ya hekalu, akate magogo milimani mpaka afe. Na kufa ugenini, kwa Mmisri wa siku hizo, kulitisha kuliko kufa kwenyewe. Angezikwa katika udongo mbichi wenye mvua, mwili uoze kwa msimu mmoja, pasiwe na mtu wa kwao wa kumwagia maji kaburini wala kulitaja jina lake.

Nahodha wa merikebu zile, mtu aliyeitwa Mereri, ndiye aliyeileta habari nyumbani kwa Ipi. Henuti alilia kwa sauti. Ipi hakulia. Aliondoka siku ileile kwenda kuomba jiwe.

Jiwe la ukubwa ule lilipatikana mbali sana jangwani, na mwaka huo lilishuka moja tu, likiburutwa na ng'ombe juu ya mbao. Jingine lisingekuja kabla ya mto kufura, na mto ukishafura merikebu hazisubiri mtu. Kwa hiyo palikuwa na jiwe moja na msimu mmoja. Ipi alilichonga kwa nje, Henuti akalisugua. Wakalizika mchangani, na mzee akashika keekee. Henuti alitia mchanga na maji, na alipomwona mkwewe anachoka alishika mpini wakazungusha pamoja. Kila mmoja alijua mwenzake anamfikiria nani.

Kazi ilipokaribia kwisha waliuingiza mtungi chumbani, wakaziba mlango kwa mkeka, wakatumbukiza taa. Loo, uling'aa! Tumbo lote lilikuwa maziwa matupu, shingo maziwa, na Henuti alisahau huzuni yake kwa kitambo akacheka kwa furaha. Lakini begani, upande mmoja, palikuwa na utepe wa rangi ya asali.

"Pale bado," akasema Ipi.

"Baba, huenda ni mshipa wa jiwe tu," akasema Henuti. "Tuuache. Umetosha."

"Niuache? Nimkomboe mwanangu kwa kazi ya nusu? Watu wa Gebali wauone huu mzigo wa nyama begani, waseme baba yake Khui amezeeka?"

Nyinyi mnaolijua jiwe mmekwisha kushika vichwa. Alabasta ina mishipa yake, na mshipa una rangi ya asali hata ukiwa mwembamba kama ganda la yai. Taa haiwezi kukwambia kama unaona unene au unaona mshipa. Hilo fundi hulijua kwa kidole na kwa subira. Ipi alilijua kuliko mtu yeyote mjini. Lakini siku hiyo alikuwa akitazama kwa macho ya baba, na macho ya baba yalitaka mtungi usiwe na doa hata moja. Akaurudisha mchangani, akashika keekee, akazungusha kidogo tu.

Jiwe likalia. Ufa ulianzia begani palepale penye mshipa, ukateremka mpaka karibu na tumbo, mwembamba kama unywele.

Mzee alikaa chini kwenye mchanga na kujifunika uso. Henuti alisimama ameshika kata ya maji. Alimwonea mkwewe huruma na wakati huohuo alimkasirikia, na haya mawili hukaa pamoja moyoni bila shida, msidhani vinginevyo.

Ipi ndiye aliyeanza kusema. "Tutauziba kwa ulimbo na unga wa jiwe, tutausugua. Hakuna jicho litakaloona."

"Na baharini ukifunguka, mafuta yakavuja?"

"Nahodha atalaumu mawimbi."

"Na Khui?"

Mzee akageukia ukuta.

Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kuna kuziba na kuna kupaka rangi. Henuti aliinua macho akaona tezo ya mkwewe imetundikwa ukutani. Kichwa cha tezo ile kilifungwa kwenye mpini kwa ukanda wa ngozi, na kilikuwa kimepiga mawe miaka na miaka bila kulegea. Akatoka mbio mpaka hekaluni, ambako siku hiyo walichinja ng'ombe wa sadaka, akaomba kipande cha ngozi mbichi yenye damu bado. Akakikata nyuzi ndefu, akazisokota mbili mbili zikawa kamba. Aliuziba ufa kwa ulimbo na unga wa jiwe, sawa na alivyosema mzee, kisha akaizungusha kamba ile ingali mbichi mabegani mwa mtungi na kushuka tumboni, akaikaza kwa goti na meno, akauanika juani. Ngozi ilipokauka ilijivuta kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, ikalibana jiwe pande zote hata ufa ukafumba midomo yake. Mwisho akaipaka kamba nta kila mahali, maana alijua ngozi ikionja unyevu wa bahari italegea. Wakaujaza maji wakaungoja. Hata jasho halikutoka.

Lakini jinsi ulivyoonekana! Mtungi mzuri kuliko yote ya Misri ulikuwa umekazwa kama mzigo wa kuni. Ipi alishindwa kuutazama.

"Umeuaibisha," akasema. "Mtungi wangu umefungwa kama shoka."

"Aibu ya ufa ni yako, Baba," Henuti akamjibu kwa adabu, macho chini, "na aibu ya kamba ni yangu. Khui ni wetu sote."

Mto ulipofura, mtungi uliojaa mafuta ya mlonge ulipakiwa umelazwa juu ya mikeka. Henuti alimwendea Mereri, nahodha, akamwambia maneno ya kumpelekea mtawala wa Gebali, tena ayaseme mbele za watu: kwamba mtungi una ufa, kwamba kamba ndiyo inayoushika, na kwamba mtu asiikate. Nahodha alimtazama kana kwamba ameomba merikebu izamishwe. Akamwambia kamba inaufunika ufa wote, hakuna atakayejua, ya nini kujitangaza? Henuti akasema kwamba siku ya kwanza hakuna atakayejua, lakini siku kamba itakapokatwa na mtumishi fulani anayetaka kuusafisha, mafuta yatamwagika miguuni mwa mungu wao, na Mmisri yeyote atakayekuwa karibu atalipa. Mficha uchi hazai. Mereri akaitikia, akaondoka.

Alipofika Gebali moyo ulimpotea. Alimtafuta Khui kwanza, akamnong'oneza yote, kisha akasema, "Mkeo alinituma niseme. Mimi sisemi. Ukitaka, sema wewe, ni shingo yako."

Khui aliuona mtungi ukipandishwa kutoka bandarini kwa miti na mabega ya watu. Aliijua kazi ya baba yake kwa mbali, akaijua na kazi ya mke wake, na machozi yakamlengalenga kwa kuwa alifahamu mara moja mambo yote yaliyotokea katika chumba kile chenye giza. Merikebu zilikuwa tayari kurudi. Alikuwa na hamu ya nyumbani kiasi cha kuuma. Kunyamaza tu kulitosha kumfikisha.

Waliuweka ndani ya hekalu juu ya mkeka mweupe. Khui akazibua kifuniko, na mafuta yalikuwa yamejaa hadi shingoni, harufu yake ikaenea. Sanamu ikapakwa, watu wakapaza sauti. Kisha mtawala akausogelea mtungi, akaigusa ile kamba.

"Kwetu tunafunga mashoka namna hii," akasema. "Kwenu mmeanza lini kufunga mawe?"

Khui akajibu, "Tangu huu, bwana. Una ufa. Baba yangu alitaka uwe mwembamba kupita kiasi kwa ajili yangu, ukapasuka. Mke wangu akaufunga. Alituma neno kwamba mtu asiikate kamba." Na kabla moyo haujarudi nyuma aliomba mafuta yahamishwe, akaomba na utambi, akautumbukiza. Hekaluni palikuwa na giza. Mtungi ukang'aa mzima kama maziwa, na katika mwanga ule kila mtu aliuona ufa ukipita chini ya kamba, kutoka begani mpaka karibu na tumbo.

Mereri alifumba macho. Mtawala aliinama, akapitisha kiganja juu ya mkeka mweupe. Ulikuwa mkavu, bila hata doa moja la mafuta. Khui alikuwa amekwisha kuanza kuifikiria milima ambako angekatia magogo.

"Miaka yote," akasema mtawala, "mmeniletea mawe yaliyo uchi na maneno yaliyovaa. Mitungi mingapi ilikuwa na ufa, hakuna aliyeniambia. Leo mtu amekuja kunionyesha panapouma, na yeye ndiye wa kuumia. Nenda kwenu. Ila mitungi mtakayoniletea tangu sasa ije na kamba hii, nijue imetoka katika nyumba ile."

Khui akarudi. Sitawaeleza Henuti alivyompokea gatini. Wenye wake na waume mnajua, na wasio nao wasubiri. Ipi alikuwa amekaa kizingitini, na tangu mtungi uondoke alikuwa hajashika keekee. Hakumuuliza mwanawe habari za njiani wala za afya.

"Walijua?" akauliza.

"Niliwaambia mimi, Baba."

Hapo ndipo mzee yule alipolia, machozi ya msimu mzima, na mwanawe akamshika.

Khui alipotaja matakwa ya Gebali, Henuti akasema kutafuta ngozi si kazi. Lakini Ipi akafuta uso na kukataa. Mtungi mzima ukiufunga kwa ngozi, akasema, umesema una ufa ilhali hauna, na huo nao ni uongo, ingawa umevaa nguo za ukweli. Akakaa akifikiri siku nyingi. Kisha akachukua jiwe jipya, na alipokuwa akilichonga kwa nje aliacha tuta la jiwe likizunguka mabega, mahali palepale mshipa ulipomdanganya. Tuta lile akalikata kwa gumegume, msokoto baada ya msokoto, mpaka likawa kamba. Ilikuwa kamba ya jiwe katika jiwe, hata ukiitazama unataka kuifungua kwa kucha. Akalichimba ndani, na lilipofika kwenye taa, bega lilikuwa nene kidogo chini ya ile kamba, na halikupasuka. Tangu hapo hakutazama taa peke yake. Alimwita Henuti kila mara, akampisha mbele, akasema, "Nitazamie, mwanangu. Macho yangu yanapenda mno."

Mafundi wengine waliiona ile kamba wakaipenda. Baadhi waliuliza sababu wakaambiwa, na baadhi walichonga tu kwa kuwa jirani amechonga, maana watu ndivyo walivyo. Mitungi ya kamba ikashuka mto na kupanda mto, ikafika kwa Wanubi na kuvuka bahari. Ngozi ya Henuti ilioza zamani, na ule mtungi wa Gebali bila shaka ulikwisha kuachana vipande.

Na tangu siku hiyo mtungi wa jiwe wa Misri hubeba kamba mabegani, nayo haifungi kitu. Anayeununua husema ni pambo, na sisi huitikia ni pambo, kwa kuwa safari ni ndefu na mnunuzi ana haraka. Lakini fundi akishaichonga kamba hiyo amekwisha kutoa neno lake: siku yoyote, mbele ya mtu yeyote, hata kama ni shingo yake, akiulizwa ufa uko wapi, atauonyesha.